Wakati Uliochongwa Kwenye Chuma

Kijana mwenye Starlet anayetaka gari lake lichanganye haraka huanza na ekzosi, kwa sababu ekzosi inasikika mtaa mzima. Akipata fedha nyingine hununua chujio la hewa la wazi, kwa sababu linaonekana boneti likifunguliwa. Kamshafti haina bahati hiyo. Imelala juu ya silinda hedi, chini ya kifuniko, inaoga oili usiku na mchana, na mtu anaweza kumiliki gari miaka kumi, alioshe kila Jumamosi, asiione hata mara moja. Na bado hakuna kipande ndani ya injini kinachoamua tabia ya gari kuliko hicho. Pistoni inapanda na kushuka tu. Plagi inapiga cheche inapoamriwa. Kamshafti ndiyo inayosema hewa iingie lini, izuiwe lini, moshi utoke lini, na ikishasema haibadilishi neno, kwa sababu neno lenyewe limechongwa.

Ninazungumzia injini ya 4E-FE, ile ya lita 1.3 ambayo Toyota iliifunga kwenye Starlet za miaka ya tisini, na ambayo mafundi wa Dar es Salaam wanaweza kuifungua huku wanatazama mpira. Ina kamshafti mbili zilizolala sambamba, moja ya valvu za kuingiza hewa na nyingine ya valvu za kutoa moshi, na kila moja ina nundu nane. Itazame moja ikiwa nje, juu ya gazeti kwenye meza ya fundi. Upande mmoja wa nundu ni mgongo wa mviringo, na hapo valvu inapumzika ikiwa imefungwa. Kisha chuma kinaanza kuinuka taratibu sana, kiasi ambacho jicho halitambui, ili valvu iguswe bila kugongwa. Halafu kinapanda kwa ukali, kinafika kileleni, kinashuka upande wa pili. Ukipitisha ukucha juu ya kilele cha nundu iliyochakaa utahisi ukingo mdogo, mahali ambapo safu ngumu ya juu imeanza kuliwa. Urefu wa kilele unaamua valvu ifunguke kiasi gani. Upana wa nundu unaamua ikae wazi kwa muda gani, na hapo kwenye muda ndipo penye utata wote.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko akili inavyoweza kuushika. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krankshafti inamaliza mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kamshafti inakwenda nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo kila valvu inafunguka mara 50 kwa sekunde. Ikiwa valvu ya hewa inakaa wazi kwa digrii 240 za krankshafti, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa gari dogo la familia, basi hewa ina elfu saba za sekunde, tena hazitimii, kuingia na kuijaza silinda. Gari likiwa silensa, mafuta hayajakanyagwa, kwenye foleni ya Ubungo, valvu hiyohiyo, kwa nundu ileile, inakaa wazi karibu mara nane ya muda huo. Chuma hakijui tofauti. Aliyekichonga alilazimika kuchagua ni hali ipi aitumikie vizuri, na ipi aivumilie.

Hewa nayo ina uzito, na ikishaanza kukimbia haipendi kusimama. Fikiria mlango wa basi la mwendokasi kituo cha Gerezani saa kumi na moja jioni. Ndani kumejaa, lakini watu waliokwisha kushika kasi kule nyuma wanaendelea kusukuma, na dereva akichelewa kidogo kufunga mlango, wanaingia wengine kumi ambao kwa hesabu ya viti hawakuwa na nafasi. Sasa mlete dereva huyo saa tano asubuhi, abiria wachache na hakuna haraka. Akichelewa vilevile kufunga, hakuna anayesukumwa ndani, na wale waliokwisha kuingia wanakumbuka shughuli zao na kushuka. Valvu ya hewa hufungwa pistoni ikiwa imeshafika chini na kuanza kupanda tena. Karibu injini zote zinafanya hivyo. Kwenye mizunguko mingi, hewa inayokuja kwa kasi inaendelea kujisindika ndani ingawa pistoni inapanda kuikabili. Kwenye mizunguko michache, pistoni inairudisha hewa ilikotoka. Kuchelewa ni kulekule, na kunaleta neema juu na hasara chini.

Ndiyo maana nasema kamshafti kali haiongezi nguvu kwa maana ambayo watu wengi wanaitarajia. Inahamisha. Nguvu za injini ni mvuto wake, yaani ule ukali wa kuizungusha shafti, ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini yenye mvuto wa nyutonimita 110 kwenye mizunguko 4,000 inatoa kilowati 46. Ukiweza kuulinda mvuto huohuo hadi mizunguko 6,000, zinakuwa kilowati 69, na hukupanua silinda hata kidogo. Umeipa pumzi ndefu zaidi, ikabaki na nguvu pale ilipokuwa inaishiwa. Fedha yote inayolipwa kwa kamshafti inanunua pumzi hiyo ya juu, na inalipwa kwa kukatwa pumzi ya chini.

Toyota wenyewe walitembea njia hiyo, tena kwa kurudi nyuma. Starlet iliyotoka Japani mwaka 1989 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 100 kwenye mizunguko 6,600. Ile iliyofuata mwaka 1996, yenye injini ya jina hilohilo na ukubwa uleule wa sentimita za ujazo 1,331, ilitangazwa kwa farasi 85 hivi kwenye mizunguko 5,500 hivi. Mtu akisoma haraka ataona gari limepungukiwa. Lakini piga hesabu: mvuto kwenye kilele cha nguvu ni karibu sawa kwa magari yote mawili. Kilichoshuka ni mahali, na kilele cha mvuto nacho kilishuka kutoka mizunguko 5,200 hadi 4,400. Mambo mengi huingia katika mabadiliko ya namna hiyo, zikiwemo sheria za moshi, na sidai kwamba yote yalifanywa na nundu. Ila uamuzi unasomeka wazi. Mtu fulani kiwandani alimfikiria anayeendesha gari hili kila siku, akaona kwamba anaihitaji nguvu karibu zaidi na mguu wake.

Hata herufi zile za jina zinasema hivyohivyo. Katika utaratibu wa Toyota wa wakati huo, F ilikuwa alama ya hedi yenye valvu zilizosimama kwa pembe nyembamba, iliyokusudiwa matumizi mazuri ya mafuta. Hedi za G, zenye pembe pana, ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya kasi. Mwenye 4E-FE anayefunga kamshafti kali anaiomba F ifanye kazi ya G. Inawezekana, kwa kiasi. Ila ajue anaomba nini.

Mimi ninawaheshimu sana wale wahandisi wasiojulikana wa kamshafti za kawaida, na heshima hiyo ilikua barabarani. Toka Ruaha Mbuyuni asubuhi, watu wanne ndani ya gari, mizigo nyuma, gunia la vitunguu limeongezwa njiani. Unafika Kitonga. Mbele yako lori la Zambia linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kona inafuata kona, upande mmoja jiwe na upande mwingine korongo. Uko gia ya pili, mizunguko 2,000, na hakuna nafasi ya kukimbia ili injini ifike kule juu inakopenda kamshafti kali. Unachohitaji ni injini inayoshika hapo hapo, polepole, bila kukohoa, dakika kumi mfululizo. Nguvu hiyo haimo kwenye tangazo lolote. Na kadiri unavyopanda kuelekea Iringa na baadaye Mbeya, hewa inazidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Mbeya iko mita 1,700 na ushei. Gari lililokuwa na ziada ya kutosha Dar es Salaam linafika kule limeacha sehemu ya ziada hiyo njiani, na upungufu huo unahisiwa kwanza upande wa chini, ambako kamshafti kali ilikwisha kukata.

Na bado nayaelewa matamanio ya kijana. Nayaelewa kwa moyo wote. Gari dogo la petroli lisilo na turbo, likiwa na nundu pana, lina kitu ambacho magari makubwa hayana. Unakanyaga mafuta, linasita, linanguruma bila kwenda popote, unafikiri umetupa fedha. Kisha mshale unapita 4,500 na sauti inabadilika, kutoka mngurumo hadi mlio uliokazwa, na gari linakuvuta kifuani kana kwamba limeamka. Linaendelea kuvuta mahali ambapo zamani lilikuwa linakwambia badilisha gia. Mtu aliyeendesha gari hilo kwa miaka, anayejua kila udhaifu wake, anahisi amekutana na sehemu ya pili ya rafiki aliyedhani amemmaliza kumjua. Sioni kwa nini furaha hiyo ichekwe, alimradi inatafutwa mahali pasipo na watoto wanaovuka barabara.

Nilikaa kwenye gereji moja Ilala wakati kazi hiyo inafanyika, na nataka kuieleza taratibu, kwa sababu hapo ndipo heshima ya ufundi inapoonekana. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliamkia, fundi akaitikia, wakasogea kwenye gari. Kabla ya kutaja bei fundi aliuliza maswali ambayo kijana hakuyategemea.

“Mwanangu, unakaa wapi?”

“Mbezi, fundi.”

“Kazini unapita wapi? Nani anapanda nyuma? Mama yako unampeleka wapi mwisho wa mwezi?”

Kijana akajibu yote: foleni ya Morogoro Road kila siku, wadogo zake wawili nyuma, mama Morogoro mara mojamoja. Fundi akasikiliza, akamwambia kwamba kwa maisha hayo yeye angemshauri aitunze ile ya kiwandani, apime mgandamizo wa silinda kwanza, abadilishe springi za valvu zilizolegea, na fedha inayobaki aiweke kwenye breki na matairi. Kijana akasema ameelewa, na bado anaitaka. Fundi hakubishana naye. Ushauri ulikwisha kutolewa mbele ya mtu mzima.

Gari lilikuwa limepoa toka jana yake. Alifungua kifuniko, harufu ya oili iliyopikwa ikatoka, na zile shafti mbili zikaonekana, rangi ya kahawia iliyokoza kwa miaka. Akaweka spana kwenye boliti ya puli ya chini akazungusha kwa mkono, polepole, mpaka mkato wa puli ukakutana na sifuri. Sasa pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Kwenye injini hii mkanda wa taimingi unazungusha shafti moja tu. Ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa gia ndogo zilizoumana ndani ya hedi. Gia mojawapo ni ya vipande viwili vilivyobanana, vyenye springi katikati inayovisukuma kila kimoja upande wake, ili meno yasicheze wala kupiga kelele. Ukiinua shafti bila kuifunga springi hiyo, vipande vinaruka, na kuvirudisha ni adhabu. Kwa hiyo fundi alichukua boliti ndogo, akaipitisha kwenye tundu lililoachwa makusudi na kiwanda, akavifunga vipande viwe kimoja. Tundu lenyewe huwezi kuliona usipojua lilipo. Niliutazama mkono wake unavyokwenda pale moja kwa moja.

Kisha vibano vinavyoishikilia shafti. Hakufungua kimoja hadi mwisho akaenda kingine. Alilegeza kila boliti kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, akarudia, akarudia tena, shafti ikainuka yote kwa usawa. Ikiinuka upande mmoja huku springi za valvu zinasukuma upande mwingine, inaweza kuvunjika, au ikachubua makao yake kwenye hedi ya aluminiamu, na hedi iliyochubuka hapo haina dawa rahisi. Vibano vina namba na mishale. Alivipanga juu ya kitambaa kama vilivyokaa kwenye injini.

Kamshafti aliyoleta kijana ilikuwa imesagwa upya kutoka shafti ya kawaida. Watu hudhani nundu imeongezwa chuma. Kwa kawaida msagaji anapunguza mgongo, ule mviringo wa mapumziko, na kuichonga nundu upya, ili kilele kionekane kirefu zaidi ukilinganisha na mgongo uliokatwa. Akikata mno anapita ile safu ngumu, na chuma laini cha ndani hakidumu. Fundi aliipima kila nundu kwa maikromita kabla ya kuifunga, akaandika kwenye kipande cha boksi. Na kwa kuwa mgongo umepungua, zile sahani nyembamba zinazokaa juu ya tapeti, ambazo unene wake ndio unaorekebisha nafasi ya valvu, zilitakiwa kuwa nene zaidi. Alizichagua moja moja kutoka kwenye kopo, akipima nafasi kwa fila, akitoa na kurudisha, karibu alasiri nzima. Nafasi ikiwa kubwa, injini inapiga kelele. Ikiwa ndogo mno, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake ikishapata joto, na valvu ya moshi isiyokaa vizuri inaungua ukingo.

Halafu akazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kwa vidole kama kuna kitu kinagusana. Valvu inayofunguka zaidi inashuka zaidi kuelekea pistoni, na hakuna sababu ya kuiachia mota ya stata iwe ya kwanza kuligundua hilo. Aliporidhika alipaka mafuta mazito ya molibdenamu juu ya kila nundu, akafunga, akawasha. Hakuiacha silensa. Aliipandisha moja kwa moja mizunguko 2,000 akaishikilia hapo kama dakika 20, akiipandisha na kuishusha kidogo, kwa sababu nundu mpya na tapeti zinajuana katika dakika hizo za kwanza, na kwenye silensa oili inayofika huko juu ni kidogo.

Alipoiachia, injini ilianza kutetemeka. Hii nayo ni hesabu ya wakati. Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuvuta hewa, kuna kitambo ambapo valvu zote mbili ziko wazi. Nundu pana zinakirefusha kitambo hicho cha mpishano. Kwenye kasi, moshi unaotoka mbio unaisaidia hewa mpya kuingia. Kwenye silensa moshi unarudi nyuma, unachanganyika na hewa safi, na mchanganyiko unaungua vizuri mara hii na vibaya mara ijayo. Vijana wanaupenda mdundo huo kwa sababu wameusikia kwenye magari ya mashindano. Mimi ninaufikiria mguu wa breki. Kile kisaidizi cha breki kinachofanya kanyagio liwe jepesi kinategemea ombwe la injini, na injini yenye mpishano mrefu wa valvu inatengeneza ombwe dhaifu ikiwa silensa. Kompyuta nayo, ambayo kwenye gari hili inakadiria hewa kwa kupima ombwe hilohilo, inadhani dereva amekanyaga mafuta wakati hajakanyaga, inaongeza petroli. Fundi alijaribu breki mara kadhaa akiwa amesimama, akaenda kuzijaribu kwenye kichochoro, akarudi, akasogeza puli kidogo ili shafti iwahi kwa digrii chache. Kwa kuwa shafti mbili zimeumana kwa gia, ukiisogeza moja zote zinasogea. Valvu zinawahi kufungwa, mvuto wa chini unarudi kidogo, na pumzi ya juu inapungua kidogo.

Wazo la kuhifadhi wakati ndani ya umbo la kitu ni la zamani kuliko petroli kwa karne nyingi. Al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakır, alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na humo mna mashua yenye wanamuziki wa kuchonga: gogo linazunguka kwa nguvu ya maji, vigingi vilivyopachikwa juu yake vinagusa nyenzo, na mikono ya wapiga ngoma inainuka na kushuka kwa mpangilio. Hamisha kigingi, mdundo unabadilika. Injini za kwanza za magari hazikuufikia hata utaratibu huo kwa upande wa hewa. Valvu ya kuingiza ilikuwa inafunguliwa na uvutaji wa pistoni wenyewe, ikishindana na springi laini, na ilitosha kwa mwendo wa pole. Mwaka 1912 Peugeot walipeleka kwenye Grand Prix ya Ufaransa gari lenye kamshafti mbili juu ya hedi na valvu nne kwa kila silinda, na Georges Boillot akashinda nalo. Mpangilio huo wa gari la mashindano ndio uliomo leo ndani ya Starlet ya mwalimu wa shule ya msingi.

Wako waliokataa kuchagua. Honda, mwaka 1989, walitoa Integra yenye injini ya lita 1.6 ambayo kila silinda ilikuwa na nundu za aina mbili upande wa hewa na upande wa moshi. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi Ikuo Kajitani. Kwenye mizunguko michache zinafanya kazi nundu za adabu. Kasi ikipanda, msukumo wa oili unasogeza pini ndogo, mikono inayosukuma valvu inafungamana, na nundu kali inashika usukani. Farasi 160 kwenye mizunguko 7,600, na bado mtu mzima anaweza kuliendesha sokoni. Injini hiyo iliingia mwaka huohuo kwenye Civic ndogo ya mlango wa nyuma. Toyota walikwenda njia yao: Vitz iliyoirithi Starlet mwaka 1999 ilikuwa na VVT-i, inayoisogeza kamshafti ya hewa mbele na nyuma gari likiwa linatembea, kazi ambayo fundi wetu aliifanya kwa spana gari likiwa limesimama. Ukiniuliza ni uvumbuzi gani ulioyabadilisha magari madogo zaidi katika miaka ile, nitautaja huu kabla ya mfuko wa hewa na kabla ya sindano za petroli.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni Aqua, hiyo ambayo sasa imejaa barabarani kwetu. Injini yake ya petroli inachelewa sana kufunga valvu za hewa, inachelewa kwa makusudi, na pistoni inairudisha sehemu ya hewa ilikotoka. Kosa lilelile tunalolilaumu kwenye kamshafti kali ikiwa kasi ndogo, hapa limefanywa kuwa kazi: silinda inagandamiza hewa kidogo na kuiacha ipanuke kwa kirefu, kila tone linafanyishwa kazi hadi mwisho wake. Injini ya lita 1.5 inatoa farasi 74 tu kwenye mizunguko 4,800, pungufu hata ya Starlet, na udhaifu wake wa chini unajazwa na mota ya umeme. Kuchelewa kulekule ambako mwenye mashindano anakutafuta ili apite wenzake, dereva wa Aqua anakulipia ili asifike kituo cha mafuta mapema.

Kijana wa Mbezi aliendesha gari lake karibu mwaka mzima. Alikwenda nalo Bagamoyo alfajiri, akalifurahia. Mama yake aliulalamikia mtetemo, na kwenye kilima cha Pugu, watu wakiwa wanne, kijana alizoea kushuka gia mapema. Alipoamua kuliuza, fundi alimwambia jambo moja ambalo kwangu ni sehemu ya kazi yenyewe: mnunuzi aambiwe. Gari lenye nundu za kusagwa likiuzwa kimya linamwachia mtu mwingine ugonjwa usio na jina. Atasikia mis, yaani injini kuruka mapigo, atabadilisha plagi, koili, sensa, atazunguka gereji tatu akilipa kila mahali, wakati injini haina kosa, inatii tu amri ambayo yeye hakuitoa.

Mnunuzi alikuwa dereva wa teksi ya mtandaoni. Alisikiliza maelezo yote, akaliwasha gari, akaliacha silensa kwa muda huku feni inawaka, akasema analitaka kwa sharti kwamba shafti ya kiwandani irudishwe. Wakagawana gharama nusu kwa nusu. Fundi alikuwa ameitunza ile ya zamani, pamoja na zile sahani zake nane kwenye kopo, kila moja ikiwa na namba ya valvu yake. Kuirudisha hakukumchukua hata siku nzima. Shafti iliyosagwa kijana aliondoka nayo. Ameshaanza kutafuta Starlet nyingine, na safari hii anataka ile ya farasi 100.